Mizani ya Bute

Bute, 9 Septemba 1996

Kwa Aboowe Yahye, kaka yangu mkubwa,

Asalaam aleikum. Sisi huku ni wazima, kinachotuumiza ni jua tu. Hooyo anakusalimu na, kama mama yeyote, anauliza kama unakula. Mvua ya Aprili tuliisikia ikinguruma upande wa Moyale, lakini haikufika kwetu. Ng'ombe wamekwisha. Mume wangu Kulow aliwavusha ngamia mpakani mwezi wa saba kutafuta majani, na tangu hapo sina habari zake ila salamu alizotuma na dereva mmoja wa lori.

Na nyinyi je? Ulisema mkeo Hani yuko karibu kujifungua. Lori lolote likisimama, Hooyo ananituma niulize barua ya Garissa. Nikiipata namsomea kwa Kisomali, maana kukiandika Kisomali shule haikutufundisha mimi wala wewe, na yeye hunitaka nirudie pale penye salamu.

Aboowe, nina shida, na ni shida ya namba. Hapa zahanati tuna mizani ya kutundika, ile yenye uso kama saa na suruali ya turubai anayovalishwa mtoto. Shirika linaloleta unga na maziwa limetupa karatasi: mtoto wa urefu huu, akiwa chini ya uzito huu, anapewa; akizidi, anarudishwa. Sasa watu wanazidi kurudishwa, nami kwa macho yangu naona mbavu. Juzi nyanya mmoja, Arbia, alimleta mjukuu wake Iftin. Mizani ikasema 9.3. Nikamrudisha. Arbia hakubishana. Alimfunga mtoto mgongoni, akasema, "Basi chuma kimekataa."

Jioni nikatundika mfuko wa sukari wa kilo mbili, mizani ikasema mbili na kidogo. Nikatundika mchele wa kilo kumi, ikasema kumi na moja na zaidi. Springi imechoka, Aboowe. Mizani mpya imeahidiwa, lakini unajua ahadi za barabara hii. Je, katika hesabu zako hakuna njia ya kuuliza kitu kinachodanganya na kupata ukweli?

Dada yako,
Sadiyo


Garissa, 2 Oktoba 1996

Abaayo Sadiyo, dada yangu,

Waaleikum salaam. Barua yako ilizunguka Wajir wiki mbili, lakini imefika. Nyumbani ni salama. Joto la Garissa ni lile lile, na mto umepungua hadi watu wanavuka sehemu nyingine bila kupandisha nguo. Mwambie Hooyo ninakula.

Nimefurahi umeniuliza swali hili. Nimelisoma mara nyingi.

Njia ipo. Kama springi ingekuwa inaongeza kiasi kile kile kwa kila kilo, tungetumia mstari ulionyooka na kazi ingekwisha. Lakini unasema kwenye mbili kosa ni dogo na kwenye kumi ni kubwa, basi mstari wetu unapinda. Mstari unaopinda hivyo tunauandika kwa polinomia: unachukua namba, unaizidisha kwa nafsi yake, ukitaka unaizidisha tena, kila moja unaipa uzito wake, kisha unazijumlisha. Ukipata uzito sahihi wa kila sehemu, mstari unalala juu ya yale uliyopima.

Nahitaji vipimo. Pima vitu unavyovijua kwa hakika: mbili, nne, sita, hadi kumi na mbili. Na tafadhali usiniletee alama tatu tu. Alama tatu zozote zina mkunjo mmoja unaozipitia zote bila kosa hata kidogo. Mtu anautazama anafurahi, kumbe haujamwambia chochote, kwa sababu ungezipitia hata zingekuwa za uongo. Niletee nyingi kuliko zinazohitajika.

Nina karatasi za grafu na nina muda. Jioni hapa ni ndefu.

Kaka yako,
Yahye


Bute, 11 Novemba 1996

Aboowe Yahye,

Baada ya salamu za Hooyo na zangu. Yeye goti linamsumbua, mimi ni mzima. Sina mengi ya kukuandikia leo.

Nilitumia maji, lita moja kilo moja, na uzito wa galoni tupu niliutoa kwanza. Hizi hapa. Lita mbili mizani ilisema 2.1. Nne, 4.2. Sita, 6.5. Nane, 9.6. Kumi, 11.4. Kumi na mbili, 14.0. Maji yote nilirudisha kwenye pipa; walionitazama walidhani nimeanza kuyauza.

Hooyo anasema hukumjibu kuhusu Hani.

Sadiyo


Garissa, 1 Desemba 1996

Abaayo,

Salamu kwako na kwa Hooyo. Hani yuko Nairobi kwa dada yake, anapumzika. Mwambie Hooyo apake mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, na asiende kisimani yeye mwenyewe.

Nimekaa na namba zako majuma mawili. Nikueleze nilichofanya, maana nataka uiamini hesabu kwa sababu umeielewa, si kwa sababu imetoka kwangu.

Una alama sita. Kuna polinomia moja, yenye kupanda hadi kipeo cha tano, inayozipitia zote sita bila kuikosa hata moja. Niliitafuta kwanza, maana ni nzuri, na mwalimu wa hesabu hupenda kitu kisichokosea. Kisha nikaiuliza: mizani ikiwa tupu inasema nini? Ikajibu, kilo kumi chini ya sufuri. Na mtoto wa kilo kumi na nne? Ikajibu zaidi ya thelathini. Nikacheka peke yangu. Ilikuwa inajipindua namna hiyo kwa sababu moja: ile alama ya lita nane. 9.6 haikai na wenzake, na mstari unaolazimishwa kumridhisha kila mmoja huharibika pale ambapo hakuna anayeusimamia.

Kwa hiyo nikaiacha ile ya tano, nikachukua ya kipeo cha pili, yenye mkunjo mmoja tu, nikaitafutia njia ya kupita karibu na alama zako bila kulazimika kuzigusa. Kila alama inaukosa mstari kidogo. Unazidisha kila kosa kwa nafsi yake, unajumlisha, na unautaka mstari ambao jumla hiyo ni ndogo kuliko zote. Ile ya nane niliiwekea duara pembeni. Sikuifuta.

Matokeo ni haya, na unaweza kuyafanya kichwani huku mtoto analia. Soma mizani. Zidisha namba hiyo kwa nafsi yake. Gawanya kwa tisini. Toa kwenye ulichosoma. Mizani ikisema 11.4, mtoto ana karibu kumi. Yule wa Arbia, ikisema 9.3, ana 8.3.

Usiitumie chini ya mbili wala juu ya kumi na nne. Huko hatukupima, na mstari hauna haki ya kusema kitu.

Pima lita nane tena. Na uniambie nini kilitokea siku ile.

Yahye


Bute, 17 Februari 1997

Aboowe Yahye,

Idi njema, ingawa imepita. Barua yako ya Desemba iliingia siku chache kabla ya Ramadhani, lori lililoileta lilikuja na askari juu yake.

Nianze na mizani. Nane nimeipima tena: 8.9, pale pale mstari wako unapotaka. Nikatuma watu wamwambie Arbia amrudishe Iftin. Alikuja naye akiwa mwepesi kuliko Septemba, akapewa. Kuanzia siku hiyo nikawa naandika safu mbili, ya mizani na ya hesabu yako, na unga natoa kwa hesabu yako.

Msimamizi wa shirika anaitwa Awil, mtu wa huko kwenu Garissa. Alifika katikati ya mfungo, akaona safu mbili.

"Dada Sadiyo, hapa umeandika nini?"

"Uzito."

"Wa mizani au wa nani?"

"Wa mtoto."

Hakukasirika. Nilimwomba atundike maji kwa mkono wake mwenyewe. Alitundika lita kumi, akaona 11.4, akakaa juu ya gunia. Mwishowe akasema, "Mimi nimeona. Lakini ofisi inatoa unga kwa namba ya mizani. Nikiwaambia kuna mwalimu Garissa aliyechora mstari, wataniuliza mwalimu huyo amewahi kumbeba mtoto hapa Bute." Akachukua karatasi yako kuipeleka Wajir, akaniamuru niandike safu moja mpaka jibu lije.

Sikuiacha safu ya pili. Unga ukaisha kabla ya Idi. Siku hizo za mwisho nilifunga mlango wa zahanati nikakaa ndani, akina mama wakakaa nje, na hakuna aliyebisha hodi. Afadhali wangebisha. Jibu lilikuja juzi: wamekubali, na magunia ya nyongeza yako njiani.

Sasa siku ya lita nane.

Nilikuwa nimelitundika galoni. Lori la Moyale likasimama, akashuka mtu ninayemjua, akanijia moja kwa moja bila kusalimia kwanza, na hapo nikajua. Walivamiwa kisimani upande wa pili wa mpaka, wakachukuliwa ngamia. Kulow alizikwa huko huko. Nilikuwa nimelishika galoni, na nadhani nililiegemea. Mizani ilipima maji na mkono wangu. Mimi nikaandika nilichokiona, kwa kuwa kalamu nilikuwa nayo.

Sikukuandikia kwa sababu Hooyo alinikataza. Alisema, "Yahye atapanda lori kesho yake, kwa barabara ile ile yenye majambazi, nami nitakaa matanga mawili." Ilinipasa kukaa ndani kama mjane, lakini sheikh aliniruhusu kufanya kazi mchana, maana muuguzi mwingine hayupo.

Kuna jambo lingine. Nina mimba yake. Mtoto atazaliwa mwezi wa nne, Mungu akipenda. Barabara sasa ina askari. Hooyo amesema nikuandikie uje.

Sadiyo


Garissa, 20 Machi 1997

Abaayo Sadiyo,

Innaa lillahi wa innaa ileyhi raji'uun. Mungu amrehemu Kulow na akupe subira. Alikuwa mtu mpole. Mara ya mwisho alipopita hapa Garissa alilala kwangu, akatengeneza bawaba ya mlango bila kuombwa.

Shule zinafungwa mwezi ujao. Nitaangalia. Kidato cha nne wako nyuma sana, na mkuu wa shule ametaka tuwafundishe likizo.

Nimempa mtu wa lori kitambaa cha Hooyo na majani ya chai. Nimefurahi kuhusu unga.

Yahye


Bute, 8 Juni 1997

Aboowe Yahye,

Tumepata mvua. Haikuwa nyingi, lakini visima vimepanda na mbuzi wana maziwa. Hooyo ameacha fimbo. Kitambaa alikivaa siku ile ile, chai tuliinywa na majirani.

Likizo ya Aprili nilikutazamia. Kila lori lilipoingia Hooyo alitoka nje, kisha akarudi ndani akasema huenda ni lijalo.

Mwanangu alizaliwa usiku wa Ijumaa, mwisho wa Aprili. Ni mvulana. Siku ya saba tulichinja, na kwa kuwa mjomba wake hakuwepo, sheikh ndiye aliyemtamkia jina sikioni. Anaitwa Liban. Ana masikio ya Kulow.

Mizani mpya imekuja. Awil aliileta mwenyewe na alikaa siku nzima, akamtundika kila mtoto mara mbili, kwenye ya zamani na kwenye mpya, na mimi nikipiga hesabu yako katikati. Haikupishana zaidi ya robo kilo hata mara moja. Mwisho wa siku aliniambia, "Mwambie kaka yako kwamba kule Wajir wanatumia mstari wake kwenye mizani nyingine tatu, kila moja na kigawanyo chake." Nilidhani utapenda kujua. Iftin anatembea, jana aliiba ndizi ya mtu.

Lakini familia nyingine nilizozirudisha kabla ya barua yako zilihamia upande wa pili wa mpaka na sikuziona tena. Nimewauliza madereva. Hakuna anayejua. Majina ninayo, wao siwapati, na hesabu ya kulijua hilo nadhani hata wewe huna.

Aboowe, nimekuuliza mara nyingi, sasa nauliza waziwazi. Hani alijifungua? Mtoto wenu ni wa kiume au wa kike? Mbona humtaji?

Sadiyo


Bute, 3 Oktoba 1997

Aboowe,

Huu ni mwezi wa nne tangu nikuandikie. Dereva anasema anakuona sokoni Garissa, kwa hiyo hai uko.

Sikuombi uje tena. Liban anakaa mwenyewe bila kushikwa. Hooyo anamwambia ana mjomba mwalimu, na mimi huwa natoka nje wakati huo.

Sadiyo


Garissa, 28 Novemba 1997

Abaayo Sadiyo,

Ukurasa huu usimsomee Hooyo. Nimeandika mwingine wa salamu, uko nyuma ya huu.

Mvua hizi za El Niño zimeifunga Garissa pande zote. Mto Tana umeingia mashambani, migomba inaonekana vilele tu, na barabara ya Wajir imekatika sehemu zaidi ya moja. Shule tumefunga. Watu waliokimbia maji wanalala madarasani, nami nimewapisha chumba cha mbele cha nyumba yangu: mjane mmoja na wanawe. Ni mara ya kwanza tangu mwaka jana nyumba hii kuwa na sauti.

Hani alijifungua mwisho wa Agosti, mwaka jana, kabla ya wakati wake. Alikuwa msichana. Jina tulikuwa nalo, tungemwita Weris, jina la ayeeyo, nyanya yetu, lakini siku ya saba hakuifikia, na sikulitamka.

Alipokuwa hospitalini walimpima kila asubuhi. Mimi nilikwenda na karatasi ya grafu. Siku ya kwanza nikaweka alama, ya pili akapanda kidogo, ya tatu akapanda tena. Alama tatu. Nikachora mstari, Sadiyo. Nikaupitisha vizuri katikati yake, kisha nikaendelea kuuvuta mbele, nikaona tarehe atakayofika kilo tatu tumrudishe nyumbani. Nikamwonyesha Hani ile tarehe. Nilimwambia, "Hii ni hesabu, haidanganyi." Hani alianza kukunja nguo zake za kurudia nyumbani. Asubuhi iliyofuata kitanda kilikuwa tupu.

Hani hakunilaumu. Alikaa wiki kadhaa, halafu akasema nyumba hii inamfanya asikie vitu, akaenda kwa dada yake. Huwa naenda Nairobi, tunakunywa chai, anakuuliza wewe na Hooyo. Hatujaachana, lakini harudi, nami sijui nimwambie nini ili arudi.

Barua yako ya mizani ilinikuta katika siku hizo. Niliishika kama mtu aliyeshika kamba. Nilikaa na watoto wa Bute usiku na mchana kwa sababu walikuwa namba na walikuwa mbali. Ulipoandika kuhusu Kulow nilifunga mfuko wa safari. Kisha nikasoma tena ile sehemu ya mimba, nikaufungua. Nilijua nikija utanipa mtoto mchanga mkononi, na Hooyo atauliza mbele ya watu, na mimi sijawahi kulisema jambo hili kwa mdomo wangu hata mara moja. Hivyo nikakuacha ukae tanga peke yako, na mwanao akatamkiwa jina na mtu mwingine. Nawe ulikuwa ukihesabu malori.

Ndege zinazopeleka unga Wajir zinaruka kukiwa na mwanya wa jua. Awil ameahidi kunipitishia barua hii, na kunitafutia nafasi juu ya magunia. Kutoka Wajir nitatembea nikikosa gari. Kuna watu wanaotembea. Hani nimemwandikia kumwambia ninakokwenda. Hajajibu, lakini kabla ya mafuriko alimtumia Liban kofia ya kufumwa, ninayo mfukoni.

Sijui kati yangu na barua hii nani atafika kwanza. Ikinitangulia, utakuwa umejua. Nikiitangulia mimi, nitaisubiri niipokee mwenyewe nikupe, nawe uende nje uisome. Ukirudi ndani usiseme kitu. Niletee Liban nimshike.

Kaka yako,
Yahye